Safari ya Ednah Igoki, Kutoka Kaaga Hadi Mchanga wa Siakago

Dada yetu Ednah Igoki alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 huko Kaaga, Meru, kifungua mimba wa marehemu Mzee Marete na Mama Kathambi. Mimi Kirimi, ninayesoma wasifu huu, ndimi kitinda mimba, na yeye ndiye aliyenibeba mgongoni.

Alisoma Kaaga hadi kidato cha nne, kisha akapata diploma ya kilimo mjini Embu mwaka 2002. Aliajiriwa Meru kama afisa wa kilimo. Huko aliwafundisha wakulima kutumia minyoo wadogo mno, wanaoishi udongoni na kuua funza wanaotafuna mizizi ya mahindi. Mkulima hakuhitaji sumu.

Tarehe 25 Agosti 2007 alifunga ndoa na Mwalimu Mbaka. Waliishi Majimbo, Embu, hadi mwaka 2018 walipohamia hapa Siakago, nyumbani kwa Mbaka.

Siakago ilimtoa jasho. Aliwamwaga minyoo shambani, wakiwa ndani ya maji, asubuhi kama alivyozoea Meru, mchanga ukakauka, wakafa wote. Majirani mlimtania: "Madam, wadudu wako wamerudi Meru kutafuta maji?" Alicheka, lakini nilimjua dada yangu. Ilimuuma.

"Kirimi," aliniambia, "udongo ya Meru inawafinya, lakini inashika maji. Hii ya hapa inawapa njia, halafu kiu inawamaliza."

Akaanza kuwamwaga jioni baada ya mvua, na kulifunika shamba kwa nyasi na samadi.

Mwaka jana aligunduliwa kuwa na saratani ya ini. Aprili mwaka huu aliwamwaga minyoo mara ya mwisho, mumewe akiwa amemshika mkono. Alitaka kujua jambo moja tu: kama wangevuka kiangazi. Hospitalini hakuacha kumuuliza mumewe, "Baba Linda, umechimba ukaona?" Mvua ilikuja mapema Oktoba, lakini Mbaka hakukubali kutoka kando ya kitanda kwenda kuchimba. Igoki alifariki Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025, bila kupata jibu. Hilo limetuumiza sana.

Ameacha mumewe Mbaka, watoto wao Linda na Oscar, Mama Kathambi, na mimi nduguye.

Jana vijana walipokuwa wakichimba kaburi hapa ukingoni mwa shamba, majembe yalitoa funza waliokufa karibuni, wekundu kama matofali. Mbaka alipiga magoti akawaokota.

"Hii rangi ni kazi ya minyoo yake," alisema. "Wamepita kiangazi." Kisha akalia.

Dada, hawakufa. Lala salama.