Mlinzi wa Kiganja Cheupe

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, fundi cherehani wetu anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini. Wageni humwita mtunza stoo. Sisi wenyeji tunamwita Mama Uzi, na tukimwona anakuja tunajikagua vifungo.

Aliingia katika Chama chetu cha Msaada wa Tiba kama kibarua wa kushona mashuka ya wodini. Mwaka wa pili alikabidhiwa nembo yetu, kiganja cheupe ndani ya duara la kijani, aishone kwenye vizibao, bendera na maturubai ya magari. Mzigo wake wa kwanza ulikuwa vizibao sitini, na vyote alivishona kidole gumba kikiwa upande usio wake. Hakuna aliyegundua ila yeye. Alivifumua vyote peke yake, akashona upya, na tangu hapo hakumwamini mtu yeyote na mkasi, hata yeye mwenyewe kabla ya chai.

Sheria yake ni moja: nembo huvaliwa kazini tu. Anayetoka zamu hurudisha kizibao, naye hukikunja na kukifungia kabatini. Mwandishi wa makala haya, dereva wa Chama kwa miaka mingi, aliwahi kufumwa dukani akinunua sabuni amekivaa, na zamu ilishaisha. Mama Uzi alimvua palepale mbele ya foleni, dereva akarudi nyumbani na fulana ya ndani. Mkewe anacheka mpaka leo.

Wengi tulimwona mkaidi. Kisha ukaja mwaka wa mapigano, wenye silaha wakashika daraja na kufunga barabara. Mwenyekiti wa wakati ule alitaka bendera yetu ifungwe kwenye lori la shemeji yake, lililojaa saruji, ili lipite. Mama Uzi akakataa. Akaandikiwa barua: atoe bendera kabla ya Jumatatu au aache kazi. Alikuwa mjane mwenye watoto wanne shuleni, na hapakuwa na mkono mwingine wa kuwalisha. Alijibu kwa sentensi moja: "Nembo hii ikibeba saruji leo, kesho haitabeba mgonjwa." Akaendelea kushona, vitu vyake vikiwa tayari kikapuni.

Jumamosi asubuhi gari letu lilifika darajani na mama mwenye uchungu, mtoto amelala kikingama tumboni. Mbele yetu magari matatu yalikuwa yamerudishwa, moja likiwa la watu wengine wa misaada, lililorudishwa kwa sababu juzi yake lilikutwa na mizigo ya biashara. Mkuu wa kizuizi alitupekua hadi chini ya machela. Kisha akawauliza wenzake kama wamewahi kukamata chochote chini ya kiganja hiki. Hawakuwahi. Kamba ikashushwa, tukapita, na mama na mtoto walitoka hospitali wazima wote wawili.

Mwenyekiti alisimuliwa habari hiyo Jumatatu. Aliichana barua yake, na kwa hilo tumpe haki yake, akaenda mwenyewe chumba cha cherehani kuomba radhi. Mama Uzi alimsamehe, kisha akamkaza kifungo cha koti kilicholegea.

Kamati ilimwandalia zawadi ya kumuaga: nembo iliyotariziwa, ndani ya fremu ya kioo. Ameikataa. Anasema Ijumaa saa kumi anatoka kazini, na asiye kazini hakai na nembo. Jana aliketi, akafumua kiganja kutoka kizibao chake mwenyewe, akakiweka kabatini na kumkabidhi fundi mpya funguo. Tulikuwa tumejazana mlangoni tukijifanya tuna shida ya sindano. Tulilia, na hatuoni haya kusema.

Asante, Mama Uzi. Fremu tumeitoa nembo, tunakupa ikiwa tupu, utie picha ya wajukuu. Ustaafu wako uwe mrefu, wenye afya na usingizi wa kutosha. Sisi darajani bado tunapita.