Gongo la Bhalu na Dirisha la Jikoni

Zimeni hiyo runinga kwanza. Najua mechi haijaisha, lakini mimi ndiye ninayekwisha, na mechi itakuwepo kesho. Shirish, wewe mkubwa, kaa upande huu wa ukutani. Nandan, kaa upande wa jikoni, na usikunje uso kama mtu aliyeitwa kituo cha polisi. Tangu sikukuu ya taa hamjaketi chumba kimoja ninyi wawili, nami sina tena pumzi ya kumwambia kila mmoja peke yake. Nisikilizeni hadi mwisho, msinikatize.

Silii, nanyi msilie. Asubuhi daktari aliniuliza kama ninaogopa, nikaitafuta hofu kama mtu anayepapasa miwani kitandani, sikuipata. Miguu nayo siisikii. Mambo yameondoka moja moja bila kuaga, na ninayaangalia tu.

Mali yenyewe ni kidogo. Vyumba hivi vya chini ni vya Shirish, vya juu ni vya Nandan, kama mnavyoishi sasa, na ngazi ni ya wote wawili, asiwepo wa kuweka mlango katikati. Vyungu vya shaba wagawane wake zenu, na ninyi msiingilie. Bangili zangu ni za Ketaki, binti yako, Nandan, na asiambiwe azifungie kabatini hadi aolewe. Akitaka kuzivaa akienda kununua samaki, azivae.

Limebaki gongo la kriketi la kaka yangu Bhalu.

Mnaligombania kwa sababu ya swali lile mnaloniuliza tangu mlipoota ndevu, kwamba ni nani mpigaji mkubwa zaidi, Bhalu au hawa wa siku hizi. Nawasikia hata nikisinzia. Shirish huanza, "Mama, mwambie huyu! Mjomba alipiga kwenye matope, kichwa wazi. Hawa wanavaa vyuma usoni kama mafundi wa kuchomea mageti!" Nandan naye hujibu, "Kaka, Mjomba angekutana na warushaji wa leo, angeokota meno yake kabla hajafunga viatu." Zamani nilikuwa nacheka hadi wali unanipalia. Yalikuwa maneno ya mezani tu.

Kisha ikaja ile sikukuu. Ketaki amerudi na kikombe alichoshinda na timu ya wanawake, wageni wamejaa, na wewe, Shirish, ukamwambia mbele yao, "Binti, wewe hupigi mpira, wewe unapasua kuni. Mjomba angeona haya." Mtoto aliweka sahani chini, akapanda ngazi. Nandan ukatamka neno ambalo sitalirudia nikiwa karibu na Mungu hivi. Asubuhi yake Shirish ukalichomoa gongo dirishani jikoni, ukalipeleka kwa fundi alitengenezee sanduku la kioo, ili watu wajue mkuu ni nani. Sasa kila mmoja anasubiri nikate shauri kabla sijafumba macho. Basi nakata.

Ile siku inayosimuliwa mtaa mzima, mvua ilipokatika mchana na kiwanja kilikuwa kimelala wazi bila turubai, mpira ukigusa chini unaruka kama chura, wenzake wakatolewa mchezoni mmoja mmoja na Bhalu akabaki amesimama hadi giza likawafukuza. Shirish, unaisimulia kana kwamba ulibeba maji ya wachezaji, na ulikuwa tumboni mwangu. Nandan, unaibisha, na hukuwa hata tumboni. Mimi nilikuwepo. Nilisimama barabarani na wanawake, nje ya uzio, na mbele yangu kulikuwa na wanaume na miavuli yao. Nilichokiona ni miavuli. Watu walipopiga kelele nilimuuliza bwana mmoja, "Ametoka?" Akasema, "Dada, yule hatoki, labda wampelekee godoro alale hapo hapo." Hayo ndiyo niliyoyaona ya mpigaji mkubwa kuliko wote.

Nilichokijua mimi ni mikono yake. Alirudi jioni vidole vimevimba, vina rangi ya biringanya, hawezi kufinyanga tonge. Nikamlisha kwa mkono wangu. Akaniambia, "Sulu, usimwambie mama. Halafu ongeza achari."

Na juzijuzi, Shirish ukiwa kazini, Ketaki alishuka akaingia kwa mlango wa nyuma, mkono ameuficha kwenye mtandio. Mpira ulikuwa umemkuta vidoleni, na glovu zake zile nene hazikusaidia. Alijaribu kushika tonge, likamponyoka. Nikamlisha. Akasema, "Bibi, usimwambie baba. Achari ipo?"

Vidole ni vilevile. Rangi ni ileile. Hilo ndilo jibu langu, na asiyeridhika akamuulize aliyesimama mbele ya miavuli.

Nipeni maji. Kidogo. Basi.

Mkishanichoma, siku ya kumi mtaniwekea matonge ya wali pale kando ya maji, mtakaa pembeni kumsubiri kunguru ayale, ndipo mjue nimeondoka nimeridhika. Bhalu alipokufa kunguru alikataa kushuka. Mnajua inavyokuwa, kila mtu akaanza kumtafutia marehemu kinachomsumbua. Wakaahidi, "Tutamtunza Sulu!" Kunguru palepale. "Gongo lako tutalipaka mafuta kila mwaka!" Akageuza kichwa. Shangazi yenu akaahidi hata kupatana na jirani. Ndipo akasogea Vinayak, mrushaji aliyemtoa katika mechi yake ya mwisho, mzee tayari, akasema, "Bhalu, mpira ule tuliodaka, gongo lako halikuugusa. Nilijua, nikamlilia mwamuzi akutoe hivyo hivyo." Kunguru akashuka, akala. Watu walilia sana. Mimi sikulia. Niliona kwamba Vinayak aliposogea, sisi wengine tulirudi nyuma kumpisha, na kunguru huogopa watu wengi. Sijui. Huenda alishushwa na maneno, huenda na nafasi.

Kwangu mimi msiniahidi kwamba Bhalu alikuwa mkubwa, wala kwamba hawa wamempita. Sitashuka kwa hayo. Matonge ayaweke Ketaki kwa mikono yake hiyo, kulia baba yake, kushoto baba yake mkubwa. Na wewe, Shirish, neno lako kwa mtoto umpe kabla ya siku hiyo, nyumbani, bila kunguru na bila wageni. Usilitoe kwa ajili yangu. Mimi nitakuwa moshi.

Gongo lisikae kwenye kioo. Ketaki naye halitaki, alilishika akacheka, "Bibi, hili jepesi kama mwiko." Bhalu mwenyewe ndiye aliyelichomeka chini ya dirisha lile la kuinua, lilishikilie wazi, siku alipoacha kucheza. "Likae hapa," alisema, "lipate upepo." Tangu litolewe dirisha limeshuka likajifunga, jikoni hakuna hewa, na mimi nimelala hapa mlangoni pa jiko nanusa mafuta ya jana.

Sanduku liko chini ya kitanda hiki. Nilimsikia fundi akilisukuma. Litoeni. Ketaki, usijifiche kwenye ngazi, nakusikia unavyopumua, njoo.

Dirisha lile ni zito, mtu mmoja haliwezi. Bhalu alikuwa anainua, mimi nachomeka. Shirish, inua. Bado. Inua kwa mabega. Nandan, usimtazame yeye, tazama dirisha. Chomeka. Hapo... sogeza kidogo. Hapo.

Pazia linacheza. Upepo wenyewe siusikii, lakini naona pazia.

Shirish, unaweza kuachia. Limeshika. Mdogo wako ameliweka vizuri, achia, mwanangu.

Mungu awape wali, na mikono ya kushikia tonge. Awape... mtu wa kuwalisha siku mikono ikikataa. Ngazi yenu isiote vumbi. Ketaki, huo mkono... mpe baba mkubwa. Auone. Auone kwa karibu.

Na huyo aliyetua dirishani, msimfukuze. Amewahi tu.