Nyumba Iliyoota Mpunga

Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Mkuu wetu wa Wilaya, shikamoo, na pole kwa tope. Sisi Kikundi cha Wajenzi wa Udongo hapa Mofu tumefurahi kukuona. Viatu tutakuoshea kabla hujaondoka.

TULIKOTOKA
Wajawazito wetu wa ng'ambo ya mto hawakuwa na pa kusubiria kujifungua. Mwenyekiti wetu, Mama Fausta, alijifungulia ndani ya mtumbwi. Hapo tukasema basi, imetosha. Tukajenga nyumba hii jirani na zahanati: msingi wa mawe, paa la nyasi lenye upenu mpana, na matofali ya udongo na pumba za mpunga yaliyokaushwa kivulini. Hatukukata mti wa kuchomea tofali hata moja.

MAFANIKIO
Kituko nacho tukiseme. Pumba za mwanzo hatukuzipepeta vizuri, na mvua ilipopiga, ukuta ukaota mpunga! Kuku wakajazana, na Mzee Mwinyimvua wa dukani akauliza tutavuna lini. Tuling'oa, tukasiriba upya, lakini jina limeganda: mpaka leo nyumba inaitwa Jaruba, kama majaruba yetu ya mpunga. Masika iliyopita maji yalipanda, yakaishia kwenye msingi. Jua likiwaka, ndani ni ubaridi mtupu, na akina mama wakishajifungua hawataki kuondoka.

CHANGAMOTO
Ni neno moja. Wakaguzi walipoona udongo waliandika "jengo la muda", na jengo la muda halipangiwi mkunga wa kuishi hapa. Nesi Safina hutoka Ifakara kwa pikipiki. Barabara ikijaa maji, hafiki, na uchungu hausubiri maji yapungue. Mgeni Rasmi, tunaogopa.

OMBI
Hatuombi saruji wala bati. Tunaomba wataalamu waje wazigonge kuta hizi, wazipime watakavyo. Zikifaulu, neno "muda" lifutwe, na mkunga ahamie. Ukuta uliouegemea tangu ufike ndio huo.

MWISHO
Utusamehe hatukukupigia ngoma. Mwenzetu Agnella yumo ndani na uchungu tangu alfajiri, na Nesi Safina yuko naye, kwa kuwa leo barabara imepitika. Mungu akulinde safarini, na nyumba yako, iwe ya saruji au ya udongo, isikose amani. Ukisikia vigelegele katikati ya hotuba yako, tuwie radhi mapema: huenda si vyako.

Ni sisi wenyeji wako,
Kikundi cha Wajenzi wa Udongo, Mofu