Mwalimu Aliyeuliza Imani Inafanya Kazi Gani

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa nne wa fundi cherehani na mkunga, katika vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali. Dada yake mkubwa, aliyeandika wasifu huu, ndiye aliyembeba mgongoni na ndiye wa kwanza kuchoshwa na maswali yake. Akiwa na miaka saba alimuuliza baba kama sala ya mezani hubadilisha chakula au hubadilisha walaji. Baba alimwambia ale, kinapoa.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1971, sekondari 1977, na shahada ya falsafa mwaka 1981.

Kuanzia Januari 1982 hadi alipostaafu mwaka 2018 alifundisha chuo cha ualimu. Alishikilia kwamba imani hupimwa kwa maisha inayoyazaa, na kwamba kanuni ya maadili inayoumiza watu yafaa kurekebishwa kama kiti kilichovunjika mguu. Kila muhula aliwapa wanafunzi karatasi: mstari wa kwanza waandike wanachokiamini, wa pili waandike wangeacha kufanya nini wiki hii kama wasingekiamini. Wengi walijaza wa kwanza tu. “Hamjakosea,” aliwaambia, “hamjaanza.” Wakambatiza Mwalimu Mstari wa Pili.

Hata dada yake, mwalimu wa shule ya Jumapili, hakunusurika.

“Dada, usingekuwa na imani ungeacha nini?”

“Ningeacha kukuvumilia.”

“Basi imani yako inafanya kazi. Endelea nayo.”

Dada hadi leo anaona marehemu alikosea. Jema ni jema kabla ya kujaribiwa, hata lisipomfaa yeyote. Alimweleza hivyo miaka arobaini, na miaka arobaini marehemu alimjibu kwa kumwongezea chai.

Tarehe 8 Agosti 1987 alifunga ndoa na muuguzi, wakajaliwa mabinti wawili. Kila Jumamosi, kwa miaka kumi na tisa, alikwenda gerezani kufundisha wafungwa kusoma. Kanisani alionekana kwenye harusi na misiba.

Figo zilianza kumsumbua Novemba 2022. Siku ya mwisho dada alimsihi wodini.

“Sema tu kwamba unaamini, mdogo wangu. Neno moja. Unapungukiwa nini?”

“Nikilisema ili nizikwe vizuri, dada, litakuwa neno la nani?” Kisha akageuza kichwa. “Yule wa kitanda cha pili anaomba maji tangu alfajiri.”

Dada alikwenda kumpa maji, amekasirika. Aliporudi, marehemu alikuwa hawezi tena kuzungumza. Alifariki Jumanne, tarehe 4 Juni 2024, saa nne asubuhi.

Juzi mwenyekiti wa kamati ya mazishi alitaka iandikwe hapa kwamba marehemu alitubu, la sivyo mchungaji hatasimama kaburini.

“Andika tu, mama. Nani atajua?”

“Mimi nitajua.”

Sentensi hiyo ya kutubu haimo, kwa sababu marehemu hakuisema. Dada angetoa chochote aisikie. Mchungaji asiposimama, dada atasali mwenyewe, kwa sauti, na anayeona ni kosa ajongee amzuie.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, mjukuu mmoja, na dada ambaye hakumaliza kubishana naye. Apumzike kwa amani, na huko aliko, akiulizwa, ajibu mwenyewe.