Kidole Changu cha Kushoto

Bwana asifiwe sana! Naona wengine mmeitikia huku mnakiangalia kidole changu. Kiangalieni tu, ndicho kilichonileta hapa mbele.

Ndugu zangu, mimi ni Amani, mtoto wa Mama Furaha wa Bukavu. Kabla ya kuokoka nilikuwa nabeba mizigo Lodwar. Katika duka moja kulikuwa na mashine kuukuu ya gemu ya kupigana, kubwa kama kabati. Pale unashika kijiti kwa mkono mzima. Nilipiga kila mtu! Nilijiona mfalme, mimi niliyekimbia vita vya kweli.

Niliporudi hapa kambini Kakuma, gemu ileile nikaikuta kibandani, inachezwa kwa televisheni na padi, kidude cha vitufe cha kushika mikononi. Padi ile haina kijiti. Ukitaka kurusha pigo la moto, unazungusha kidole gumba cha kushoto, unasugua, unasugua tena. Nilisugua miezi. Ngozi ikachubuka, nikafunga plasta, nikaendelea. Mjinga mimi!

Kidole hicho ndicho nilichoandikishia chakula cha nyumba yetu. Siku ya mgao nikakiweka kwenye mashine ya alama za vidole, ikakataa kukisoma. Mara tatu! Nikaambiwa nirudi kikipona.

Mama hakunigombeza. Aliuliza tu, "Mutoto yangu, kidole yako umeipeleka wapi?"

Na bado nilirudi kibandani, ndugu zangu, na kidonda kibichi, nikacheza. Nilipotoka nikamkuta Mama barabarani na mwanamke Mturkana anayeuza unga. Mama alikuwa anamkabidhi kitenge chake, kile alichokimbia nacho vita, kile alichotuambia tumzike nacho. Akapewa unga wa siku chache.

Nilipiga magoti palepale vumbini. Nikalia, "Yesu, niondolee hiki kitu, hata ukinikata mkono!" Na akaniondolea! Sijashika padi tena. Ngozi ikarudi, mashine ikanisoma. Asante Yesu!

Lakini Mama tulimzika juzi, mlikuwepo, kwa shuka la kuazima. Nilikuwa nimemtafuta yule mama wa unga. "Ejok," akanisalimia vizuri, kisha akaniambia kitenge alishakiuza zamani. Bwana amenisamehe, naamini. Mimi ndiye bado sijaweza kujisamehe.

Wewe uliyefunga plasta kidoleni, usikifiche, nimekuona. Mwamini Yesu. Njoo mbele sasa hivi, kitenge cha mama yako kingali nyumbani.