Timothy Nyamai, Kijana wa Kocha Nashon

Ndugu yetu Timothy Nyamai Ndululu alizaliwa tarehe 9 Machi 1991 katika kijiji cha Raila, Kibera, mtoto wa pili wa mzee Ndululu na mama Nzembi, waliotoka Kitui kutafuta kazi.

Alimaliza darasa la nane mwaka 2005. Mwaka uliofuata baba alifariki, na Nyamai akabaki na hasira ambayo sisi nyumbani hatukujua kuituliza. Alifukuzwa kidato cha pili kwa kupigana. Akahamia Kawangware kwa marafiki, wakawa wananyang'anya watu simu, hadi akawekwa rumande.

Alipotoka, mama alimpeleka kwa Nashon, fundi wa kuchomelea vyuma aliyefundisha ndondi katika ukumbi wa kanisa, Kawangware. Kocha hakumuuliza amefanya nini. Alimpa kazi mchana, mazoezi jioni, na chakula mezani kwake. Jumapili Nyamai alikuja Raila kumwonyesha mama ngumi alizojifunza, akirukaruka jikoni hadi sufuria zianguke. Mama alikuwa anacheka mpaka anashika ukuta.

Pambano lake la kwanza alishindwa na Dedan, kijana wa mtaa wa Highrise. Nyamai alitoka nje, akaokota jiwe, akamngoja mlangoni. Kocha alikuja akasimama kando yake.

"Amekushinda vizuri," akamwambia polepole. "Msalimie, halafu twende nyumbani tukule."

Dedan alipotokea, Nyamai aliliangusha jiwe, akampa mkono.

Alipigana miaka saba na kushinda mara nyingi. Baadaye alifungua karakana yake Raila. Wengi wenu mnafunga milango aliyoitengeneza.

Tarehe 12 Desemba 2015 alifunga ndoa na Celine Apiyo, Dedan akiwa msimamizi wake. Alijifunza nyimbo za Kijaluo za ukweni, akaziimba vibaya, kwa sauti kubwa.

Mwaka 2023 figo zake zilianza kushindwa. Kocha, ambaye sasa ni mzee, alimsindikiza kliniki kila wiki. Siku moja Nyamai alimwambia, "Bila wewe ningekuwa nimezikwa kitambo." Kocha alimfunika blanketi, akamwambia alale. Nyamai alifariki asubuhi ya tarehe 14 Agosti 2025, mkewe akiwa amemshika.

Ameacha mjane wake Celine, watoto Ryan na Ndanu, dada yake Mutheu anayewasomea haya, rafiki yake Dedan, na mama Nzembi. Pia ameacha kocha Nashon, ambaye leo, kwa ombi la mama, ameketi mahali pa baba.

Mungu ampe Nyamai wetu pumziko la amani.