Fundi Gramu na Gari Lililopunguzwa Kilo Mia Mbili na Kumi

Ndugu, majirani, mafundi wenzake na wanafunzi wake mliofika: mtu tunayemsindikiza leo hakupenda hotuba ndefu, maana zilimnyima nafasi ya kuondoka. Kwa hiyo yaliyomo humu ni yale tu ambayo familia iliona hayapunguziki.

Alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Agosti 1956, katika nyumba ya vyumba viwili iliyoegemea ukuta wa bohari la saruji, akiwa wa tatu kati ya watoto watano. Baba yake, aliyemtangulia, alikuwa mpakiaji wa mifuko katika bohari hilo. Mama yake ni mshonaji, na yuko nasi hapa akiwa na miaka tisini na moja. Husema mwanawe hakutulia hata tumboni: "Mimi nimelala, yeye anahama." Alitembea akiwa na miezi tisa, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwona akikaa akamaliza kikombe kizima cha chai.

Alianza shule ya msingi Januari 1964. Katika ripoti yake ya darasa la tano mwalimu wa hesabu aliandika: "Ana akili, lakini hana kiti." Mwalimu huyo ndiye aliyemruhusu kusoma akiwa amesimama dirishani, mradi jibu liwe sahihi. Mwaka 1971 aliingia chuo cha ufundi, na Desemba 1974 akapata cheti cha ujenzi na ukarabati wa bodi za magari. Angeshika nafasi ya kwanza, lakini alitoka kwenye mtihani wa kuchora zikiwa zimebaki dakika arobaini. Alipoulizwa na baba yake sababu, alijibu kwamba mchoro ulikuwa umeisha, na kukaa kuutazama hakungeuongezea kitu.

Kuanzia 1975 alinyoosha bati katika karakana ya mabasi. Mwaka 1982 akahamia kiwanja kidogo cha ndege, kurekebisha viti na sakafu za ndege za abiria sita. Mkuu wa karakana ile, mzee mkali mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alipima kila kitu kilichoingia ndani ya ndege, hata zulia, hata kopo la rangi, na kukiandika daftarini. Marehemu alikuwa akisimulia kwamba hapo ndipo alipokutana na kitu cha kwanza duniani kilichoweza kumtuliza. Mshale wa mizani ukiacha kucheza, naye aliacha kucheza. Kwa sekunde tatu hivi.

Kiwanja hicho ndicho kilichomletea mke. Mwaka 1984 bati lilimkata kidole, akapelekwa hospitali, akapokelewa na muuguzi kijana aliyemwelekeza kiti.

"Kaa nikushone."

"Nitakaa ukimaliza."

"Nikimaliza utakuwa umeshaondoka."

"Basi nitarudi."

Alirudi kesho yake, na keshokutwa yake, kidole kikiwa hakina neno. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 23 Novemba 1985, wakajaliwa binti tarehe 30 Septemba 1986 na mwana mwaka 1990.

Mwaka 1992 alifungua gereji yake pamoja na rafiki yake, fundi wa kupaka magari rangi, ambaye sote tunamwita mpaka rangi; ilikuwa na mlango mmoja wa bati na shimo moja la kukagulia magari kwa chini. Miaka miwili baadaye wakanunua kwenye yadi ya magari yaliyogongwa gari moja jekundu la spoti, la milango miwili, lenye injini ndogo. Mpaka rangi alitaka watafute injini kubwa zaidi. Marehemu hakutaka kusikia. "Kuongeza nguvu kila mtu anaweza," alisema. "Mimi nataka kuondoa." Alilipeleka kwenye mizani ya malori pale bohari la saruji. Likasoma kilo elfu moja mia moja na arobaini. Aliporudi wiki iliyofuata kulipima tena baada ya kutoa tairi la spea na jeki, karani wa mizani alicheka mpaka akashika mlango: "Wenzako wanakuja hapa na tani, wewe unaniletea gramu!" Jina likamganda. Tangu hapo mji mzima ulimwita Fundi Gramu, na barua za watu wa bima zikaja kwa jina hilo.

Sharti lake lilikuwa moja: liwe gari la barabarani. Liwe na namba, taa, honi, mikanda na vioo, na kila mwaka lipite kwa mkaguzi kama gari la mtu yeyote. Ndani ya sharti hilo hakuwa na simile. Kiti cha nyuma, ambacho hakikumtosha hata paka, kilitoka. Chini ya zulia alikuta mabamba ya lami ya kuzuia kelele, akayabandua siku kumi na moja akiwa amepiga magoti, kwa kipande cha bati na kikaushio cha nywele cha mkewe. Boneti ya chuma aliibadilisha kwa ya fibaglasi aliyoifinyanga mwenyewe. Vioo vya nyuma vikawa vya plastiki. Bolti ndefu kuliko kazi yake aliikata ncha. Nyumbani mizani ya jikoni haikuwahi kukaa jikoni.

Jumapili moja, kabla ya kumtembeza mkewe kwa gari hilo, alipima mkoba wake. "Una kilo mbili na gramu mia nne. Umeweka nini humu?"

"Mambo yangu," alijibu mkewe, kisha akamnyang'anya rundo la funguo za gereji na kuliweka juu ya mizani. Gramu mia saba. Kesho yake funguo tisa zilibaki kwenye msumari gerejini, na mkoba ukaendelea kupanda gari.

Familia ilitafakari kama yanayofuata yaandikwe. Yeye mwenyewe aliagiza yaandikwe.

Kufikia mwanzoni mwa 2003 gari lilikuwa na kilo mia tisa hamsini na nane. Lengo lake lilikuwa kushuka chini ya mia tisa hamsini, na zile nane zilimnyima raha. Alikuwa akiamka mezani katikati ya mlo, anaenda gerejini, anarudi, anakaa, anaamka tena. Ndani ya kila mlango wa gari mna chuma cha kumkinga mtu ikitokea gari limegongwa ubavuni. Mkaguzi hakioni, maana kimefichwa na bati. Mwezi Februari marehemu alivitoa vyote viwili, kilo nne na nusu kila kimoja, asimwambie mtu, hata mpaka rangi. Mizani ikasoma mia tisa arobaini na tisa. Alinunua soda za gereji nzima, na hakuna aliyejua wanasherehekea nini.

Jumapili, tarehe 9 Machi 2003, saa kumi alasiri, pikapu iliyokatikiwa breki iliingia njia panda na kuligonga gari hilo, marehemu akiwa kwenye usukani, ubavu wa abiria. Aliyekuwa amekaa pale ni binti yake, wa miaka kumi na sita. Binti huyo ndiye anayesoma maneno haya.

Mama wa binti alikuwa zamu katika wodi ya mifupa wakati mwanawe anaingizwa. Baada ya upasuaji marehemu alimkuta mkewe kwenye korido. Angeweza kunyamaza, lawama zote zilikuwa juu ya pikapu, na polisi walishaandika hivyo. Alipiga moyo konde.

"Mama, chuma cha mlango nilikitoa mimi."

Mkewe akauliza: "Kilo ngapi?"

"Nne na nusu."

"Za nini?"

Marehemu alipiga hatua mbili kuondoka, akarudi.

"Mwanao amewekewa pini tatu kwenye nyonga," mkewe akasema. "Nazo nenda ukazipime."

Kwa siku thelathini na nne ambazo binti alilazwa, wazazi hao walizungumza habari za dawa na uji tu. Gari lilivutwa hadi gerejini, likafunikwa turubai. Fundi Gramu hakuligusa, lakini hakuweza pia kutulia. Mpaka rangi anasema alikuwa akimkuta amesimama mbele ya turubai, anaondoka, anarudi, kama mtu aliyesahau kitu ndani.

Binti alipotoka hospitali alitembea kwa magongo miezi saba. Kila asubuhi baba yake alimpeleka mazoezini kwa miguu. Hapo ndipo mtu ambaye maisha yake yote alitembea kama anayefukuzwa alipolazimika kujifunza kwenda polepole, na haikuwa kazi ndogo. Alikuwa akifika mbele hatua ishirini bila kujua.

"Baba, unanikimbia."

Anageuka, anarudi zile hatua ishirini, anaanza upya. Siku nyingine alirudi mara tisa kabla ya kufika kona ya duka la dawa. Hakuwahi kusema amechoka, wala binti hakuwahi kumwambia amesamehewa. Walikuwa wanatembea tu.

Mkewe alianza kuzungumza naye tena kidogo kidogo. Siku moja alimwomba chumvi, siku nyingine akamuuliza habari za gereji. Hakuwahi kusema kwamba yamekwisha. Alichosema, mbele ya watoto, ni hiki: "Aliniambia kabla sijauliza. Angenificha, nisingekuwa hapa."

Mwaka 2005, jioni moja, binti alimwona baba yake akiizunguka meza ya chakula kwa mara ya sita.

"Baba, nenda ukafunue lile turubai."

"Silitaki lile gari."

"Hulitaki, lakini kila siku unalitazama. Anza na milango. Nami nitakuja kuandika."

Akaanza na milango. Vyuma alivyorudisha vilikuwa vinene kuliko vya kiwandani, na gari likapanda hadi kilo mia tisa na sitini, naye akaliacha lipande. Kisha wakatafuta pengine: nyaya zisizofanya kazi, bomba la moshi, fremu za viti, betri, rimu. Binti aliandika kila gramu daftarini, na hakuna kilichotoka kabla baba hajajibu kwa sauti swali moja: "Hiki kinamlinda nani?" Iliwachukua miaka minane kufika kilo mia tisa na thelathini.

Siku ya kwanza ya kurudi barabarani, tarehe 12 Agosti 2006, binti alikaa kiti kilekile. Baba aliendesha mwendo wa baiskeli. Kwenye taa za kijani alisimama. Magari ya nyuma yakapiga honi.

"Baba, ni kijani."

"Nimeiona."

Alitazama kushoto, akatazama kulia, jasho likimtiririka, ndipo akaondoka. Alifanya hivyo kwenye kila makutano mpaka nyumbani.

Kuanzia 2007 hadi 2018 alifundisha kila Alhamisi katika chuo kilekile alichosomea. Somo lake la kwanza halikubadilika. Aliingia na ule mlango uliogongwa, akauegemeza ubaoni na kusema: "Chuma cha humu nilikitoa mimi. Aliyekaa hapa ni mwanangu." Kisha alitoka nje kidogo, akarudi, na kuanza kufundisha. Wengi waliobeba jeneza leo walikuwa darasani humo.

Mapafu yake yalianza kumsumbua mwaka 2017. Daktari alisema ni vumbi la fibaglasi, alilolipiga msasa miaka mingi bila barakoa kwa sababu barakoa ilimchelewesha. Alipoambiwa apumzike, aliuliza kwa dakika ngapi. Kufikia 2021 alikuwa akitumia mtungi wa oksijeni, na mpira wake ulimpa nafasi ya kutembea mita nne tu. Alimwomba mwanawe, ambaye ni fundi umeme, aufanye mita kumi na mbili.

Juni mwaka huu wa 2023 aliomba kutembezwa. Binti yake, ambaye siku hizi ni mkaguzi wa magari, alimsaidia kuingia kwenye gari jekundu, akamfunga mkanda, akaweka mtungi nyuma yake. Mzee akageuka kuutazama.

"Una kilo ngapi huo?"

"Kumi na moja."

"Kumi na moja! Kwenye gari langu?"

"Unamlinda nani, Baba?"

Alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Kilipotulia, alisema neno ambalo kwa miaka ishirini halikuwa limetoka kinywani mwake. Aliomba radhi. Binti alisema amekwisha kumsamehe zamani, ila siku zile za magongo walikuwa na haraka ya kufika mazoezini. Wakaenda hadi mwisho wa barabara ya lami na kurudi, vioo vikiwa wazi.

Alifariki Alhamisi, tarehe 19 Oktoba 2023, saa tatu na dakika kumi asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na miaka sitini na saba. Mkewe alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja kikiwa mguuni na kingine mkononi.

Ameacha mama mzazi, mjane, binti na mwana, mkwe mmoja, wajukuu watatu, dada wawili na kaka mmoja, pamoja na rafiki yake mpaka rangi, ambaye familia inamhesabu kama ndugu wa tumbo moja.

Mara nyingi tulimwambia apumzike, naye hakutusikia. Leo tunamwomba Mungu amwambie Yeye. Apumzike kwa amani.